Mwanamke Nyuma ya Keki

Picha ilikuwa imeganda pale pale tulipoiacha wiki iliyopita, msomaji wangu. Wewe ulikunja gazeti ukaenda zako. Zahara Marjan, fundi wa kuhariri kanda, hakuwa na pa kwenda.

Kwenye kioo cha televisheni, ndani ya studio ya video mjini Mbale, alikuwa amesimama marehemu Phiona, mke wa kwanza wa Afande Matia. Mkono juu. Uso mweupe kama majivu. Mdomo wazi.

Ndiye yule yule! Ndiye aliyeonekana kama moshi nyuma ya keki kwenye kanda ya harusi ya Afande Matia, mkono wake ukining'inia juu ya kichwa cha bibi harusi. Ile kanda iliyoonyeshwa Ijumaa jioni kwenye kipindi cha Macho Hayadanganyi, na tangu hapo watu wakawa hawana habari nyingine.

Ila kwenye kanda hii ya pili Phiona hakuwa moshi. Alikuwa mzima, jasho linamtoka, anacheza ngoma. Uso wake ulikuwa umepakwa unga wa wimbi, kama watu wanavyopakana kwenye imbalu, tohara ya Wagisu. Nyuma yake vijana waliruka na njuga mapajani. Ilikuwa sherehe ya mwaka wa tisini na sita, kabla hata ya ugonjwa uliomuua.

Zahara alikaa chini taratibu. Sasa alielewa kila kitu, na kila alichokielewa kilimchoma.

Afande Matia, askari magereza wa Jinja, alileta kanda mbili siku moja. Moja ya harusi yake na mke mpya, Topista, itiwe maua na muziki. Nyingine ya zamani, ya imbalu, inakiliwe kwa ajili ya mama wa marehemu, aliyetaka kuuona uso wa mwanawe. Matia mwenyewe hakuitazama. Alisema hawezi.

Zahara alizifanya zote mbili kwa pamoja. Kwenye mashine ya kuchanganya picha kuna kishikio kidogo. Ukikisukuma juu, picha ya kanda ya pili inaingia juu ya ya kwanza. Ukikishusha mpaka mwisho, inatoka. Siku ile hakukishusha mpaka mwisho. Kilibaki juu kidogo, unene wa ukucha, na marehemu akapenya kwenye harusi ya mumewe.

Na alipokuja mtangazaji Norman Gidudu na taa zake kali, akauliza, "Mtaalamu, kanda hii imeguswa?", Zahara alijibu bila kuhakikisha, kwa wepesi wa mtu anayeitikia salamu:

"Haikuguswa."

Mlango ukasukumwa. Mwenye studio, Mzee Bakhit, alisimama akitazama kioo.

"Zima."

"Mzee, nimegundua—"

"Nimeona ulichogundua. Nina macho. Zima."

Zahara hakuzima.

"Binti yangu," mzee akasema kwa sauti ya chini, "tangu kile kipindi watu wanatoka mpaka Soroti kuleta harusi zao hapa. Wanasema studio ya Bakhit inaona mpaka walio kaburini. Leo unataka niwaambie inaona unga?"

"Kuna mwanamke anaitwa mchawi kwa sababu yangu."

"Yanakwisha leo hayo. Norman yuko Jinja anarekodi sehemu ya pili. Yule mke anapiga magoti mbele ya televisheni, anamwomba marehemu msamaha, basi. Kila mtu anakwenda kwake."

"Msamaha wa nini?"

"Wa chochote! Mtu akiomba msamaha amepungukiwa nini?"

"Wanasema alimuua Phiona ili aolewe, Mzee. Akiomba msamaha, amekiri. Mbele ya kamera."

Mzee Bakhit akaufunga mlango nyuma yake. Kisha akasema, "Asipoomba, wifi yake anamrudisha kwao Buwenge na mimba yake. Hayo ni ya kwao. Wewe na mimi tunauza picha."

Zahara akabonyeza kitufe. Mashine ikaitema kanda.

"Ukitoka na hiyo, usirudi!"

Alitoka nayo.

*

Alipofika Jinja jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa magharibi. Nyumba za askari magereza zilikuwa zimefurika watu kama siku ya mshahara. Gari la kipindi lilizuia njia. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye ndoo walizoenda nazo bombani, maji wameyasahau.

Zahara alijiandaa kusukumana. Hakuhitaji.

"Ah! Wewe ndio ile ya televisheni!" askari mmoja akapiga saluti ya mzaha. "Mtaalam amekuja! Mpe njia!"

"Mtaalam! Mtaalam!"

Mama mmoja akamvuta mkono. "Nyabo, dada yangu, mimi niko na kanda ya ubatizo. Kuna kitu nyeusi kwa dirisha. Utaniangalia?"

"Hiyo ni bwana yako alikuwa anachungulia pombe," mwingine akadakia, na watu wakacheka.

Wote walimpisha. Wote walimtabasamia. Kila tabasamu lilimwingia kama mwiba, kwa maana walikuwa wanampenda kwa ule uongo wake.

Norman Gidudu alikuwa ameketi nyuma ya gari, taulo shingoni, anapakwa poda. Alipomwona Zahara na kanda mkononi, alimfukuza aliyekuwa akimpaka kwa kidole kimoja.

"Kishikio," akasema. "Siyo?"

Zahara akaishusha kanda.

"Ulijua?"

"Dada yangu, mimi nipo kwenye kazi ya picha tangu wewe uko shule ya msingi. Nilijua siku ile ile."

"Na ukanyamaza!"

"Nikuulize wewe. Nani alisema haikuguswa? Tafuta vipindi vyangu vyote, hutanisikia hata siku moja nikisema huu ni mzimu. Mimi kazi yangu kuuliza tu. Anayejibu ni mtaalamu."

Alisema bila hasira, karibu kwa upole, na hilo ndilo lililomtisha Zahara.

"Basi twende tuwaambie," akasema. "Sasa hivi."

"Tutawaambia. Wiki ijayo." Norman akamsogelea. "Sikia. Leo namrekodi Topista anaomba msamaha. Ijumaa inaonyeshwa, nchi inalia. Ijumaa inayofuata unakuja wewe na kanda yako ya unga, tunafichua. Topista anasafishwa mbele ya Uganda nzima, siyo mbele ya hawa wenye ndoo. Nani atafaidika zaidi yake? Na wewe nakuchukua Kampala. Kazi ya kweli. Wiki moja tu, Zahara."

Siwezi kukuficha, msomaji: alitikisika. Ilionekana kama njia ya kutubu bila kuumia.

"Na katika wiki hiyo," akauliza, "polisi wakimfuata? Au watu hawa wenyewe?"

Norman akachukua kioo kidogo, akatazama pua yake.

"Tutasali wasimfuate."

Zahara akageuka, akaelekea mlangoni.

*

Sebuleni palikuwa na viti vyenye vitambaa vya kushona kwa mkono, na katikati televisheni juu ya meza, imevikwa kitambaa cheupe kama mgonjwa. Topista alikaa mkekani peke yake, mikono juu ya tumbo lake lililoanza kuonekana. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwenye kanda.

"Wewe ni yule dada," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuangalia vizuri siku ile. Nikasema, huyu ana uso wa mtu mzuri, hawezi kudanganya." Hakuwa akimsuta. Ndivyo alivyoona. "Nikaanza kujitafuta mwenyewe. Phiona sikumjua. Nimekuja Jinja ameshazikwa. Lakini nikasema, labda nilimtamani bwana wake kabla sijamwona. Labda kuna kitu nilifanya ndotoni. Mtu anaweza kuua ndotoni, dada?"

Zahara alipiga magoti mbele yake.

"Hukuua mtu yeyote. Ni mimi. Nilikosea kwenye mashine. Yule siyo mzimu, ni kanda nyingine. Ninayo hapa."

Topista aliitazama kanda mkononi mwake.

"Na unakuja leo?"

Zahara aliinamisha macho kwenye mkeka.

"Niache niombe tu," Topista akasema, akageuza uso. "Nimechoka. Watu hawanunui nyanya zangu. Nikiomba watanyamaza."

"Ukiomba, umekiri."

Kabla Topista hajajibu, taa ziliwaka, kali kama jua la saa sita. Watu waliingia kwa kusukumana, wengine wakajaza madirisha. Afande Matia aliingia na sare yake, kofia mkononi, akasimama pembeni kama mgeni nyumbani kwake. Dada yake mkubwa, Brendah, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akasimama kando ya televisheni.

"Haya, wifi. Piga magoti. Mwambie mwenzako."

Topista akaanza kuinuka.

Zahara akamtangulia. Akavuta kile kitambaa cheupe, akaichomoa kanda ya harusi kwenye mashine ya video, akaingiza yake.

"Afande, toeni huyo!" mtu akapiga kelele.

Norman akainua mkono. Zahara alidhani anamzuia. La! Alikuwa anamwashiria mpiga kamera aendelee kurekodi.

Kioo kikachezacheza. Ngoma zikalia. Na Phiona akatokea, mzima, mnene, anacheka, anamwagiwa unga usoni na shangazi mmoja, kisha anainua mkono juu. Mkono ule ule.

Halafu mzee mmoja dirishani akasema:

"Lakini hiyo ni imbalu."

"Unga! Ni unga!"

"Wee, hata mimi niko pale! Angalieni, yule ndio mimi! Nilikuwa na tumbo ndogo!"

"Tumbo yako imekula unga yote!"

Kicheko kilipasuka, kikapokewa nje mpaka kwa wenye ndoo. Zahara alieleza haraka, maneno yakigongana: mashine mbili, kanda mbili, kishikio. Watu waliitikia kwa vichwa. Wengine walimtazama Topista kwa aibu, kama walioshikwa wakiiba mboga. Zahara alihisi kifua kinafunguka. Limekwisha, akawaza. Nimelirekebisha.

"Rudisha nyuma kidogo."

Alikuwa Matia. Zahara akarudisha. Phiona akainua mkono tena. Matia alisogea karibu na kioo mpaka mwanga wake ukamwangukia usoni.

"Kumbe hakuja," akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Nyinyi mlisema analaani. Mimi niliona anabariki. Kila jioni nikitoka kazini nilikuwa naiweka, namwangalia. Nilisema amekuja harusini. Amekubali." Akajaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Kumbe ni kishikio."

Topista aliyasikia hayo akiwa amesimama na mkono tumboni. Zahara aliwatazama wote wawili, akaona kwamba kosa lake lilikuwa na mizizi aliyokuwa hajaifikia. Mke alikuwa amemvua jina la uchawi, na mume alikuwa amemzikia mkewe mara ya pili.

Ndipo Brendah akazungumza. Hakupiga kelele. Alikuwa analia.

"Dada, mimi nimekusikia. Nikuulize tu. Hiyo kazi ya harusi umefanya mingi?"

"Nyingi, mama."

"Hiyo kitu imewahi kubaki hivyo?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Harusi zote, imebaki hii tu. Keki zote, keki hii tu. Kanda zote, imepita ya Phiona tu, Phiona niliyemwosha mimi na mikono hii." Akaigeukia kamera bila kukusudia. "Basi nani alikushika mkono siku hiyo?"

Msomaji, ungeisikia ile baridi ilivyoingia chumbani! Kicheko kilikufa madirishani. Watu waliotikisa vichwa kwa kuelewa walianza kutikisa kwa namna nyingine.

"Ni kweli," mtu akanong'ona. "Phiona alitumia mkono wa huyu."

"Nilichoka tu, mama," Zahara akasema.

"Ulichoka siku moja?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya keki?"

Na Topista, aliyekuwa ameshainua uso, akauinamisha tena. Zahara aliona magoti yake yakianza kukunjika, taratibu, kuelekea mkekani.

Sasa nikwambie jambo ambalo Zahara hakuwa amelisema kwa kiumbe yeyote. Siku ile mlango wa studio ulikuwa umefungwa kwa ndani. Hakuwa peke yake. Alikuwa na Hakim, mtoto wa Mzee Bakhit. Na Hakim ni mchumba wa Ramula, dada yake Zahara, tumbo moja, kitanda kimoja tangu utoto. Harusi yao ni Jumamosi. Kipindi kinaonyeshwa Ijumaa, na baba yao, Mzee Marjan, mwanajeshi mstaafu, hakikosi.

Angeweza kunyamaza. Kanda amekwisha kuionyesha. Nani angemdai zaidi?

Magoti ya Topista yakagusa mkeka.

"Nilishikwa mkono," Zahara akasema.

Brendah akaganda.

"Ni kweli, mama, nilishikwa. Lakini na mtu mzima, anayekula na kunywa. Anaitwa Hakim. Ni mchumba wa dada yangu." Sauti yake ilitoka nyembamba, naye akailazimisha iendelee. "Alikuja kuniaga, tuseme hivyo. Akanishika mkono, huu huu ulio kwenye kishikio. Na mimi sikuutoa. Keki ilipita kwenye kioo. Mimi sikuwa naangalia keki."

Mashine ya kanda iliendelea kuzunguka. Kisha bibi mmoja dirishani akasema, "Eee. Hiyo tunaijua," na chumba kizima kikavuta pumzi.

Brendah alimkagua Zahara, uso uliokuwa unawaka, macho yasiyopata pa kukaa. Akatafuta kiti, akajishusha.

"Hiyo," akasema, akifuta machozi kwa kiganja, "hiyo naiamini. Hakuna mtu anaweza kujitungia aibu kama hiyo."

Matia aliweka kofia yake juu ya televisheni. Akainama, akamshika Topista chini ya makwapa kama mtu anayeinua mtungi wa maji uliojaa, akamsimamisha.

"Inuka, mama," akamwambia. "Inuka. Nisamehe."

Taa zikazimwa. Watu wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Mtu akauliza kama Topista bado ana nyanya za kuuza. Zahara alibaki alipokuwa, na Norman Gidudu akamsogelea, poda imechirizika shingoni. Kwa mara ya kwanza hakuwa na uso wa televisheni.

"Nikate?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Hilo la Hakim. Naweza kulikata. Baba yako hatasikia. Dada yako ataolewa Jumamosi kwa amani." Akasita. "Lakini nikilikata, linabaki swali la huyu mama bila jibu. Hapa wamesikia, sawa. Huko kwingine, Buwenge kwa wazazi wake, Iganga, Kampala, watu watajijibu wenyewe. Unajua watajijibu nini."

Zahara alimtazama Topista, aliyekuwa ameketi kwenye kiti sasa, siyo mkekani, akinyweshwa maji na wifi yake. Alimwona Ramula akilini, akihesabu usingizini majina ya wageni. Mmoja kati ya hao wawili angelipia ule mkono ambao yeye hakuutoa.

"Nikate, au nisikate?"

Akafungua mdomo.

"Usikate."

Sauti ilitoka mlangoni. Watu wakapisha.

Mzee Bakhit alisimama pale, jasho linamchuruzika. Alikuwa ameendesha gari kutoka Mbale mbio ili kumzuia Zahara, na alikuwa amemchukua mtu mmoja ambaye mzee alijua Zahara hawezi kumkatalia neno. Walikuwa wamesimama nyuma ya watu pale mlangoni tangu ngoma za imbalu zilipoanza kulia, wakasikia yote.

Mtu huyo alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kwa fundi cherehani. Pini zilikuwa bado zimechomekwa begani kwenye gauni jeupe lisilokamilika, na uzi mrefu ulimfuata sakafuni.

"Usikate hata neno," Ramula akasema. Hakuwa akilia. Alikuja mpaka katikati ya chumba, akajiweka mbele ya kamera, uso kwa uso na mdogo wake. "Na washa tena hizo taa, bwana. Mimi pia nina swali kwa mtaalamu."